Maalim na shifti zangu

Wakati huo nilikuwa karani wa kontena bandarini Kilindini, na shifti zilikuwa za kuzunguka, wiki hii asubuhi wiki ijayo usiku, yaani mwili ukianza tu kuzoea ushageuziwa tena. Natoka saa moja jua lishawaka, matatu mpaka Majengo, mahamri na mbaazi, nalala saa mbili, ikifika saa tano macho kodo! Halafu usiku kazini ikigonga saa kumi hivi usingizi unanibeba nimesimama, kontena moja naiandika mara mbili.

Mamangu akasema hii si bure. Asubuhi moja narudi namkuta maalim sebuleni, sahani nyeupe, zafarani, marashi, kombe liko tayari kuandikwa, zile aya za Kurani zinazoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa maji yake. Na mi nilikuwa nimechoka hata kubisha sina nguvu, nikamwamkia nikakaa.

Sasa badala ya kusoma mzee akaanza maswali. Walala saa ngapi? Ukipewa ofu je? Nikamwambia ofu ya kwanza bado nakesha, ikifika ya tatu nalala kama gogo. Akacheka, akamgeukia mama, "Huyu hana jini mwanamke, huyu ana shifti." Kumbe ujanani alikuwa baharia, zamu yake saa sita usiku mpaka saa kumi, na anasema akimaliza aliziba kidirisha cha kebini kwa taulo ndo alale. Nenda hospitali, akaniambia.

Daktari naye hakunipa vidonge. Alisema ndani ya ubongo kuna saa, na hiyo saa inafuata mwanga unaoingia machoni, kwa hivo lile jua la kutoka kazini linaiambia kumekucha, inakata melatonini, ile homoni ya usiku, wakati mi ndo nataka kulala. Na ile saa kumi inayonimaliza ndo karibu na saa ambayo joto la mwili linashuka kabisa. Nivae miwani myeusi njiani, niweke pazia zito, kahawa ninywe mwanzo wa shifti tu. Kwenye matatu wakaona naringa lakini nikaanza kufika saa nane nimelala, si haba, ingawa wiki ya kubadilisha bado ilikuwa taabu na hiyo dawa yake ni bosi.

Na kombe? Mama alikuwa ashanunua zafarani, bei yake mnaijua. Maalim akaliandika, nikanywa.