Wimbo Uliovuka Mto

Iringa, Jumamosi usiku

Leo nimeukata kutoka kwenye mchezo wetu wa kuigiza wimbo niliouhangaikia kwa wiki tatu. Mazoezi yamekwisha saa kumi na mbili jioni, vijana wameaga mmoja mmoja, nami nimebaki peke yangu katika darasa tuliloazimwa, nikikunja karatasi za solfa ambazo hakuna atakayeziimba tena. Naandika kabla sijalala, kwa maana nataka kukumbuka vizuri kwa nini nimeukata.

Nimefanya kazi mbili maishani mwangu. Kwa miaka 14 nilikuwa muuguzi, na sasa ni mwaka wa tisa tangu niwe karani wa mbao Mafinga, ambako malori yanayobeba mbao za Sao Hill hayapiti kwangu mpaka niwe nimehesabu ubao kwa ubao. Kazi hizo zimenilisha, zimenisomeshea watoto, na ninaziheshimu. Hata hivyo, tangu utotoni roho yangu iko kwenye mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na kila Jumamosi napanda basi kuja Iringa kwa ajili yake, iwe mvua au ile baridi ya Julai.

Mapenzi haya niliyapata kwa bibi, pale jikoni kwake. Alikuwa na ngano ya binti aliyezuiliwa na mto uliofurika, na kila alipofika ukingoni ilimbidi aimbe ili maji yapungue. Sisi wajukuu ndio tulioitikia. Tukiitikia kwa uvivu, bibi alinyamaza kabisa, akachochea moto, na binti akabaki ukingoni amesimama na kibuyu chake hadi tuitikie sawasawa. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua alichokuwa akitufundisha, yaani kwamba bila ule wimbo hadithi isingesogea hata hatua moja.

Baadaye, kwa kusoma, nilijua kwamba Wamarekani wanaupa heshima ya pekee mchezo wa Oklahoma!, uliotungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein mwaka 1943, kwa sababu nyimbo na dansi zake zimefumwa ndani ya kisa chenyewe badala ya kupachikwa ili watazamaji wapumzike. Nilifurahi sana, nikamkumbuka bibi. Na hapa kwetu Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuona kwamba usimulizi, ngoma na nyimbo zina haki yake jukwaani, kwa hiyo sikubaliani na wanaoniambia kwamba ninachokifanya ni cha kigeni.

Uthibitisho mkubwa zaidi niliupata wodini. Usiku mmoja wa zamu nilikuwa nabadilisha dripu huku nikiuimba ule wimbo wa mto kwa sauti ya chini kabisa, nikidhani wote wamelala. Nilipofika katikati, mgonjwa wa kitanda cha pili akahitaji msaada, nikaacha. Nilipopita tena, mzee mmoja ambaye kwa siku mbili hakuwa amezungumza na mtu alifumbua macho akaniuliza, "Mwanangu, yule aliyekuwa mtoni alivuka?" Sikuwa nimemsimulia neno lolote. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda nikaumalizia wimbo, naye akalala.

Sasa tunaandaa mchezo juu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, au tuseme juu ya fuvu lake. Alijipiga risasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe. Na bado Wahehe walisubiri hadi 1954 ndipo fuvu likafika Kalenga, ambako lipo mpaka leo. Kwa onyesho la kuwasili kwa fuvu, likiwa ndani ya sanduku, nilikuwa nimetunga wimbo wa sauti nne, na soprano wanapanda hadi mwisho wa uwezo wao. Ni mzuri, nasema kweli.

Leo kijana wetu wa besi, fundi seremala, alisubiri tumalize, akasema kwa adabu, "Mama, tunapoanza kuimba sanduku liko mezani limefungwa, na tunapomaliza liko mezani limefungwa."

Nilitaka kumjibu, nikashindwa. Tukajaribu njia nyingine: wanawake wanasimama mbali na meza, wanaanza na salamu ya kawaida tu ya Kihehe, "Kamwene," kwa noti mbili, wananyamaza wakingoja kuitikiwa. Wanarudia, wakisogea. Mara ya nne hawana pa kusogea tena, mkono wa aliye mbele umegusa kifuniko, na kutoka nyuma yao, kwa chini sana, besi wanaitikia, "Kamwene."

Hapo ndipo sanduku linafunguliwa. Jumamosi ijayo tutaanzia hapo.