Herufi M iliyoniaibisha

Jana jioni nilimpelekea babu wa jirani shairi langu la kwanza. Babu yuko Ujiji miaka yote, macho yamechoka lakini masikio mazima. Sikumaliza hata mshororo mmoja.

"Rudia."

Nikarudia: *Dagaa wa Kibirizi, wanaanikwa mchangani.*

Akahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, nane, sawa. Utao, nusu ya pili, tisa. "Hili guni, mjukuu wangu." Yaani shairi lenye kasoro ya mizani.

Nilibisha. Nilikuwa nimehesabu usiku kucha, na kwangu zilikuwa nane! Kumbe "mcha" niliiweka mizani moja. Babu akacheka: m ile inasimama peke yake, m-cha-nga-ni, nne. Akaniuliza mbu ana mizani ngapi. Moja, nikasema. Mbili, m-bu. Na mbuzi? Nikasema tatu, nikakosa tena. Hapo m imeegemea b, mbu-zi.

Nimezungumza Kiswahili tangu nizaliwe na sikuwahi kuisikia m hiyo.

Nikapendekeza inkisari, nikate neno popote lienee. Akakunja uso. Kufupisha ni ruhusa ya mshairi aliyebanwa, si ya mvivu. Hapa haikuhitajika hata kidogo, "waanikwa" ni Kiswahili safi. Likabaki hivi:

*Dagaa wa Kibirizi, waanikwa mchangani*
*Jua likiwaka wazi, wang'aa kama sahani*
*Kunguru wale majizi, wangoja mchikichini*
*Mama hana usingizi, fimbo iko mkononi*

Mishororo minne, basi ni tarbia. Vina vya kati -zi, vya mwisho -ni. Hayo ya majina niliyakariri shuleni, nikayasahau baada ya mtihani.

Babu alinikumbusha pia kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu cha 1954, alizaliwa hapahapa Ujiji mwaka 1924. Alilisema kama vile mimi nimeuaibisha mji mzima. (Mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, bado nayapenda, ila mbele yake sikuthubutu kuyataja.)

Sasa nahesabu kila kitu. Leo asubuhi muuza mawese kapita akinadi, nami vidole vinacheza mfukoni.

Beti ya pili imekwama kwenye -zi. Neno "mchuzi" linaninyemelea, m-chu-zi, tatu kamili, lakini babu keshanionya: dagaa wenyewe bado hawajaanuliwa.