Jumatatu kwenye wodi ya figo Kisumu: siku moja ya mtafiti msaidizi

Nikimwambia mtu nafanya utafiti wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa, anadhani niko maabara nimevaa koti jeupe natengeneza mashine mpya. Hapana. Kazi yangu kubwa ni kumuuliza mgonjwa swali moja na kuandika anachosema vile anavyokisema. Nitafika hapo, wacha nianzie asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri

Boda kutoka Manyatta, baridi kidogo, Kondele bado haijaamka vizuri. Shifti ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu na kabla mtu yeyote hajaunganishwa kwenye mashine lazima maji yapimwe, kwa hivyo fundi wa maji ndiye huwa wa kwanza kufika na mimi huingia nyuma yake kwa sababu fomu yetu ina sehemu ya maji pia. Anawasha mtambo, anauacha ukimbie kama dakika 15 hivi, halafu anakinga maji kidogo pale baada ya tangi la kwanza la mkaa unaonasa klorini, anachovya karatasi ya kupimia, anaangalia saa yake, anangoja. Huwa haongei akingoja. Klorini ikizidi miligramu 0.1 kwa lita hakuna mtu anaanza, hata kama wamejaa kwenye benchi. Klorini hiyo hiyo ndiyo inatuokoa na kipindupindu kwenye maji ya mfereji, na ukiinywa tumbo linaimaliza, lakini kwenye dayalisisi maji na damu vimetenganishwa na utando mwembamba sana na klorini ikipita pale inapasua chembe nyekundu za damu.

Na maji yenyewe si ya kikombe. Mashine inapitisha mililita 500 kila dakika, kwa saa nne hizo ni lita 120 kwa mtu mmoja, yaani mitungi sita ile ya lita 20 tunayobeba mtaani maji yakipotea.

Kwa sisi watu wa ziwa hii habari ya maji inafaa itunyime usingizi kidogo. Mwaka 1996 kule Caruaru, Brazil, kituo kimoja cha dayalisisi kilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa na lori bila kutibiwa sawasawa, na maji yalikuwa na sumu ya ule mwani wa kijani, mikrosistini, wagonjwa zaidi ya 50 wakafa kwa ini kuharibika. Huo mwani tunao hapa kwenye Ghuba ya Winam, kila mtu amewahi kuona maji yamegeuka kijani kama yamemwagiwa rangi. Ndio maana sipendi mtu akiniambia kupima maji ni kazi ya fundi tu, haihusu utafiti. Inahusu sana.

Leo karatasi imebaki safi. Amesaini, nimesaini.

Saa kumi na mbili na nusu

Mizani. Kila anayeingia anapimwa uzito kwa sababu wengi wao hawakojoi tena, kwa hivyo chochote walichokunywa tangu siku ile ya mwisho kimebaki mwilini, kwenye miguu, kwenye mapafu, wengine unawasikia wakihema tangu mlangoni.

Jumatatu ndiyo siku ngumu na sisemi hivyo kwa hisia. Mwaka 2011 kulitoka utafiti Marekani wa wagonjwa zaidi ya 32,000 ambao husafishwa damu mara tatu kwa wiki, wakaona vifo na kulazwa hospitali vinapanda baada ya lile pengo refu la wikendi kuliko siku zingine zote. Hao ni watu wa mara tatu. Hapa kwetu tangu enzi za bima ya NHIF wengi wamezoea mara mbili, kwa hivyo mtu wa Jumatatu na Alhamisi akitoka Alhamisi anarudi baada ya siku nne. Hesabu mwenyewe.

Mzee mmoja kutoka Siaya ameingia na kilo nne juu. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, ni kilo 60. Ilikuwa matanga, amesema, na kwenye matanga huwezi kukataa chai ya watu. Sista amechukua kalamu akapiga hesabu hapo hapo: ukivuta maji zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa moja moyo unaanza kuumia, kwa hivyo kwa mzee huyu ndani ya saa nne ni lita tatu na kidogo.

"Mzee, leo tunatoa tatu. Hiyo nyingine Alhamisi."

"Sista nyar wa, binti yetu, toa yote. Nauli nimeshalipa."

Hilo jibu nimeliandika pembeni ya fomu. Hakuna kisanduku cha nauli lakini hiyo nauli ndiyo inamfanya mtu aombe mwili wake uvutwe kuliko unavyoweza. Sista hakukubali, walibishana kwa heshima, wakafika tatu. Na hata kwa hizo tatu, saa ya mwisho misuli ya mguu ilimkaza mpaka akashika chuma cha kitanda, ikabidi mashine ipunguzwe kasi na nesi amkande.

Saa tatu

Chai, mandazi, kupanga fomu. Simu mbili za bosi.

Saa nne asubuhi

Sasa ndiyo kazi. Swali lenyewe ni hili: ukitoka kwenye mashine, inakuchukua muda gani mpaka urudi sawa? Basi. Linaulizwa nchi nyingi sasa, na ule utafiti mkubwa wa kimataifa unaoitwa DOPPS ulionyesha mwaka 2014 kwamba wanaochukua zaidi ya saa 12 kurudi sawa wanalazwa zaidi na wanakufa zaidi kuliko wanaorudi haraka. Swali la sekunde kumi halihitaji damu wala mashine, na linakuambia jambo ambalo kipimo cha damu cha kriatinini hakitakuambia.

Nimeketi na mama mmoja wa Nyalenda, huuza omena soko la Kibuye. Mkono wa fistula, ule wenye mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie, umelazwa juu ya mto, ukiweka vidole pale ngozi inatetemeka kwa damu inavyokimbia, mwili uliobaki amejifunika leso mbili na blanketi la nyumbani. Nikamuuliza. Akanyamaza, akanigeuzia swali.

"Kurudi sawa ya kupika ama kurudi sawa ya kwenda soko?"

Nikamwambia mama, niambie zote.

"Kupika, leo jioni, nikiketi kwa kiti. Soko ni Jumatano. Jumanne mimi si mtu."

Niliandika zote mbili na nikamsomea ili aone nimeandika alichosema. Kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti wetu unasimama au kuanguka, kwa sababu ukimwandikia "muda wa saa 8" umesema ukweli wa sufuria na umeficha siku nzima ya biashara iliyopotea, na akikosa soko Jumanne na Ijumaa kila wiki hiyo nauli ya Alhamisi inatoka wapi? Kwa miaka mingi watafiti wa figo walipima vitu vyao, fosfeti, urea imetoka asilimia ngapi, presha. Ni vizuri vipimwe. Lakini kikundi cha kimataifa cha watafiti wa figo, SONG, kilipokuja kuwaketisha wagonjwa, familia na madaktari wa nchi nyingi kuuliza ni kipi lazima kila utafiti wa dayalisisi upime, yalibaki mambo manne: moyo, kifo, njia ya kufikia damu kama fistula, na uchovu. Uchovu! Umekaa meza moja na kifo, na waliouweka pale ni wagonjwa wenyewe.

Baada ya yeye niliongea na wengine mpaka saa saba. Kijana mmoja wa chuo alikuwa amelala, sikumwamsha, nitampata Alhamisi.

Saa saba

Ugali, sukuma, samaki nusu. Haraka.

Saa nane mchana

Kikao cha kusoma. Kila Jumatatu tunachukua utafiti wa watu wengine tunauchambua, na leo ilikuwa zamu ya CONVINCE, ule wa Ulaya wa 2023. Wagonjwa 1,360, nchi nane, nusu wakapewa dayalisisi ya kawaida, nusu hemodiafiltresheni, yaani mbali na kusafisha kwa utando mashine inavuta maji mengi kutoka kwenye damu na kurudisha mengine masafi, lita 23 hivi au zaidi kila sesheni. Waliokufa kwa sababu yoyote ile walikuwa asilimia 17.3 kwa hii mpya na 21.9 kwa ya kawaida. Hiyo tofauti si ndogo jamani.

Daktari mmoja kijana akauliza mbona tusianze kesho. Fundi wa maji, ambaye tunamwalika siku hizi na ni sawa kabisa kumwalika, akasema pole pole kwamba hayo maji yanaingia moja kwa moja kwenye mshipa, kwa hivyo lazima yawe masafi kupita haya tunayopima asubuhi, na yapimwe vijidudu kila mara. Chumba kikatulia. Mimi niko upande wake: tununue usafi wa maji kwanza, mashine ndio zifuate.

Tukagusa pia MyTEMP ya Kanada, 2022, vituo 84 ambako walipunguza joto la maji ya mashine wakitumaini kulinda moyo. Moyo haukulindwa zaidi, na wagonjwa wengi walilalamika baridi. Nikamkumbuka yule mama na leso zake mbili. Napenda utafiti wa aina hiyo, uliothubutu kuuliza na kukubali jibu la hapana, kwa sababu umewaokoa watu wetu kutetemeka bure.

Saa kumi

Kuingiza data. Macho yanauma. Hii sehemu haina hadithi.

Saa kumi na moja jioni

Tulikuwa tumepanga kuwaita wagonjwa na familia zao Ijumaa asubuhi tuwasomee majibu waliyotupa kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wowote, kwa Kiswahili na Dholuo, na watukosoe. Nikampigia bosi nikamwambia Ijumaa asubuhi haiwezekani, watu wa Alhamisi watakuwa bado wamelala, wametuambia wenyewe na tumeandika. Akasema basi Jumamosi. Jumamosi kuna watu wa mashine. Tumefika Jumapili saa nane mchana, baada ya kanisa, na nauli tutarudisha tukiwa pale pale mlangoni. Nimemtumia mama wa Nyalenda ujumbe, amejibu atakuja, na anataka kujua kama anaweza kuleta bwana yake kwa sababu kuna mambo ya Jumanne anataka ayasikie kutoka kwa mtu mwingine.