Sinia la Idi Lisilo na Nyama

Idi ndogo ya mwaka 2018 ilinikuta Lamu, mbali na kwetu Tanga, nikifanya kazi ya mikoko na kupanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Langoni. Tanga na Lamu ni pwani moja, lakini siku ya Idi ndipo ugeni unapojitokeza: takbira zinapaa misikitini, kila mtu anakwenda kwao, nawe huna pa kwenda. Marafiki zangu wawili walikuwa wageni vile vile. Mmoja mwalimu kutoka Meru, Mkristo. Wa pili msichana wa Kihindi kutoka Mandvi, mji wa bandari kule Gujarat ambako vyombo vikubwa vya mbao vya baharini vinaundwa hadi leo. Uundaji huo ndio uliomleta Lamu. Kila uchao alikuwa Matondoni na daftari lake, akiwatazama mafundi wa majahazi. Nikawaambia wote wawili: Idi mtakula kwangu.

Huyu wa Mandvi kwao ni Wahindu wasiokula nyama, samaki wala mayai, na hata kitunguu na saumu hawagusi. Aliniambia kwa haya, "Usihangaike, dada. Nipikie wali mweupe tu, nitakaa pembeni."

Hilo la pembeni liliniuma. Sisi siku ya Idi tunakula sinia moja, mikono yote inaingia humo humo. Ukipakua pilau ya nyama, yeye itabidi apewe kisahani chake, ale akiwatazama wenziwe. Mtu hakuacha mama yake ng'ambo ya bahari aje atengewe kisahani siku ya sikukuu. Nikaamua nyama haitaingia katika sinia lile, basi.

Nilipomweleza mama mwenye nyumba, alinikazia macho. "Idi bila nyama, mwanangu?" Akanyamaza, kisha akauliza lililo zito zaidi: "Na sufuria zetu je? Si zimepikiwa nyama miaka yote hii?" Akasema yeye mwenyewe hawezi kula katika chungu kilichopikiwa nguruwe hata kioshwe vipi, basi na binti wa watu naye ana haki yake. Kesho yake akarudi na chungu kipya cha udongo. Akakipaka mafuta ya nazi, akakichemshia maji na chicha, akakianika uani. Nilipotaka kumlipa alikataa katakata.

Sokoni, kando ya ngome, tulipata mchicha, biringani, nyanya na embe mbichi za kachumbari. Mbaazi kavu tuliziloweka usiku wa kuamkia Idi. Baada ya swala tukaketi jikoni sote, mwalimu juu ya mbuzi akikuna nazi, mimi nikikamua kwa kifumbu, tui zito kando na jepesi kando. Wali wa nazi haukunitia wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa mbaazi. Mbaazi za nazi bila kitunguu zitashika ladha wapi?

Rafiki yangu akatoa kikopo mkobani. Ndani mlikuwa na vipande vya utomvu mkavu, rangi ya kahawia. Alipofungua tu, harufu kali ikajaa jikoni.

"Mvuje huu!" Mama akasema, akarudi nyuma.

Lamu na kwetu Tanga mvuje ni wa watoto wachanga: unafungwa kitambaani, mtoto anavishwa, husuda na mashetani vikae mbali naye. Sikuwahi kuona mtu anautia katika chakula. Binti alivunja chembe ndogo kuliko punje ya mchele, akaitupia kwenye mafuta ya moto pamoja na bizari nyembamba. Mafuta yakachachatika, na kufumba na kufumbua ule uvundo ukageuka. Jiko likanukia kama kitunguu na saumu vimekaangwa pamoja. Mama akainama juu ya chungu, akanusa, akanusa tena. "Subhanallah," akasema. Tukatia nyanya, mbaazi, tui jepesi, mwisho lile zito, moto ukapunguzwa.

Tulikula juu, chini ya makuti, kusi likivuma. Wali katikati ya sinia, mbaazi upande huu, mchicha wa nazi upande ule, biringani za kukaanga zimezunguka. Mama akapanda na wanawe, ingawa biriani yao ilikuwa imeshaiva chini, na mtoto mdogo akajibana karibu na mgeni wa Mandvi akimchagulia biringani nzuri nzuri. Mwalimu aliongeza mara nyingi, wala hakuuliza nyama iko wapi. Tukamalizia tambi za nazi zenye iliki. Katikati ya kula binti alimpigia mama yake simu ya video, akaelekeza kamera kwenye sinia, mikono yote ikionekana. Mama yake akasema maneno mengi ya Kigujarati, huku akijifuta macho. Mama wa Lamu naye akamjibu kwa Kiamu chake, na sikuona haja ya kumtafsiria yeyote.

Wakati wa kuagana binti alimpa Mama kile kikopo. Mama akachagua vipande viwili. Kimoja akakifunga kitambaani kwa ajili ya mjukuu aliyezaliwa Shaabani. Cha pili akakitia katika mkebe wa bizari, akamshika binti mkono, akataka aelezwe vizuri: mbaazi za kibaba kimoja zinatiwa kiasi gani?