Nilivyokihakiki na kukiuza kitabu chenye sahihi ya Ngũgĩ

Nilikipata kwa shilingi 100 kwenye vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara, karibu na Tom Mboya Street, Nairobi, katikati ya vitabu vya hesabu na Biblia iliyong'oka gamba. Ni Petals of Blood, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, jalada laini. Nilikifungua kuangalia kama kurasa zimetimia, nikakuta jina la mwanamke, sahihi ya mwandishi kwa kalamu ya buluu, na tarehe ya Julai 1977. Sikubishania bei. Nililipa nikaondoka.

Nilikuwa nimeshaumia kabla ya hapo. Jamaa mmoja aliwahi kuniuzia nakala nyingine kwa 3,000, chini ya sahihi pameandikwa "Nairobi, 1986". Nilikaa nayo miezi, kila mgeni lazima aonyeshwe. Siku moja mwalimu wangu wa zamani wa fasihi akaishika, akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akaniuliza, "Kijana, 1986 Ngũgĩ alikuwa Nairobi?" Nikakosa la kusema. Ngũgĩ aliondoka nchini 1982, na hakukanyaga Kenya tena hadi 2004. Aliyeghushi alijua kuiga herufi lakini historia hakuijua. Tangu hapo nasoma tarehe kabla ya jina.

Kwa hiyo hiki cha pili nilianzia hapo. Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu pameandikwa 1977, hakuna mstari wa kuchapwa tena. Kingekuwa cha chapa ya miaka ya themanini chenye sahihi ya 1977, ningekirudisha siku hiyohiyo. Halafu kitabu chenyewe kilizinduliwa Julai 1977 pale City Hall, Nairobi, Mwai Kibaki akiwa waziri wa fedha ndiye mzinduzi, na tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Tarehe yangu ilikaa sawasawa.

Usiku nikazima taa, nikailaza tochi ya simu ubavuni mwa ukurasa, mwanga ukawa unapita juu ya karatasi badala ya kuimulika usoni. Hapo ndipo mfereji wa kalamu, yaani mchirizi uliobonyea kwenye karatasi, unapojitokeza. Sahihi iliyochapwa kwa mashine haina mfereji. Hii ilikuwa nao, na upande wa nyuma kidole kilihisi viinuko. Anayeiga husita kutazama mfano wake, na pale anaposita wino hujikusanya. Nilifuata mstari mwanzo hadi mwisho, sikuona kitone hata kimoja. Na ukurasa wa mkabala wake ulikuwa na kivuli cha wino, hafifu, kinyumenyume, kwa jinsi kitabu kilivyokaa kimefungwa miaka na miaka. Nikakipiga picha kile kivuli pamoja na sahihi yake.

Bado muuzaji mmoja wa ng'ambo niliyemtumia picha akasema ni ya kughushi, eti haifanani na sahihi alizonazo. Alizonazo ni za baada ya 2004! Unawezaje kupima mkono wa mtu wa miaka 39 kwa mkono wa mzee wa karibu sabini? Linganisha na sahihi ya miaka ileile, au uache.

Mwingine alinishauri nikwangue jina la yule mwanamke kwa wembe, kwamba kitabu chenye jina la mtu hakiuziki. Wa duka la fotokopi akataka kuulamineti ukurasa. Sikugusa kitu, hata doa la chai.

Lile jina ndilo lililoniokoa. Muuza vitabu alikumbuka kwamba katoni zilitoka kwenye nyumba moja mtaa wa Ngara. Mara ya kwanza mlinzi alinifukuza. Mara ya pili nikampata binti wa yule mwenye jina, mama mtu mzima. Alikishika kitabu, akakinusa, akakaa chini. Mama yake alikuwa mwalimu, na siku ile alikuwa City Hall. Nikamwambia, "Mama, kama mnakitaka, nakuachia." Akajibu, "Hapana mwanangu, tulivitoa wenyewe. Ukiuza tu, unikumbuke." Akaniandikia karatasi moja: mama yake ni nani, kitabu alikipataje. Akatia sahihi. Karatasi ile ilimshawishi mnunuzi kuliko tochi yangu.

Bei za intaneti zisikutie wazimu, nyingi ni za kuomba tu. Tafuta vilivyokwisha kuuzwa. Ngũgĩ alipofariki Mei 2025 simu zilianza kuingia, watu wakinihimiza nizidishe bei mara kumi upesi. Sikuweza. Nilimpenda mwandishi huyu tangu shuleni, sikutaka kufanya biashara matanga hayajaanuliwa. Miezi ilipopita nilimuuzia Mkenya anayeishi Marekani, elfu arobaini na kitu, fedha zikaingia kwa M-Pesa kabla sijatuma. Nilikizungushia karatasi safi, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili, plastiki nje kabisa, nikakipeleka Posta. Gharama ilikuwa elfu chache.

Theluthi nilimpelekea mama wa Ngara. Jioni akanipigia, hakutaja fedha. Alitaka picha ya ule ukurasa wenye jina la mama yake. Nikamtumia ile ya tochi.