Maharage yangu yalivyogoma, iodini ikanionyesha kwanini

Mwezi wa sita mwaka jana nilipanda matuta sita ya maharage nyuma ya nyumba hapa Dodoma, pembeni mchicha. Maji kwetu ya mgao, kwa hiyo nikawa namwagilia kidogo kidogo saa saba mchana nikirudi kula, maana ndo nayaona yamelegea naingiwa na huruma. Wiki ya tatu majani yakapauka, ya chini njano, hayakui. Mchicha jua lile lile, maji yale yale, umesimama tu kama haumjui mtu.

Binti yangu wa kidato cha pili akasema baba tupime wanga kama tulivyofanya shule. Saa kumi jioni tukachuma jani moja la shina lililolegea na lingine la shina lililo chini ya koki ya tenki inayovuja. Tukayachemsha kidogo, tukayatia kwenye kikombe cha spiriti ndani ya sufuria la maji ya moto, JIKO LIMEZIMWA jamani spiriti inashika moto, mpaka kijani yote ikatoka yakabaki meupe kama karatasi iliyolowa. Tukadondosha iodini, la kwenye koki likawa bluu nyeusi, maana yake lina wanga, lile lililolegea likabaki na ile kahawia ya dawa yenyewe. Yani limeshinda juani kutwa halijapika kitu!

Kumbe mizizi ikikosa maji inatuma taarifa juu, jani linafunga vitundu vyake (stomata) lisizidi kukauka, na hewa ukaa inapitia humo humo. Kloroplasti (vile vijiko vidogo vya kijani ndani ya jani vinavyopika chakula kwa mwanga) zinabaki na mwanga tele ila hakuna cha kupika, nguvu iliyozidi inaangukia oksijeni na kuzaa sumu inayoziunguza kloroplasti zenyewe. Mchicha ni mjanja kama mahindi, unaikusanya hewa ukaa na kuirundika ndani, hata vitundu vikiachia upenyo mdogo unapika tu.

Basi nikahamia alfajiri, mara tatu kwa wiki ila mengi mpaka yazame, nikatandaza nyasi kavu, nikafunga neti ya kivuli upande wa magharibi. Yaliyokuwa njano yakaanguka, mapya yakaja kijani, tukapima tena, bluu nyeusi. Nilivuna sado moja na nusu, sio mengi, maua ya kwanza yalishapukutika.

Koki bado inavuja. Mama watoto anataka fundi, nimemwomba asubiri maharage ya mwaka huu yakomae.