Kusoma matetemeko ya kale kwenye mchanga wa New Madrid

Kwenye kingo za mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, kama Japani au Chile, hatari ya tetemeko ina pa kuanzia: mabamba yanasukumana sentimita kadhaa kwa mwaka, GPS inapima mwendo huo, na vipima tetemeko vina kumbukumbu nyingi. Katikati ya bara hesabu hiyo inakwama. Mpasuko unaweza kulala miaka mia tano, au makumi ya maelfu, na kumbukumbu zetu za mashine ni za miaka mia moja tu na ushei. Kwa maoni yangu, huko chombo cha kwanza ni mwiko wa fundi na mtaro uliochimbwa vizuri.

Mfano wenye mengi ya kufundisha ni New Madrid, nchini Marekani, kwenye bonde la mto Mississippi, pale majimbo ya Missouri, Arkansas, Tennessee na Kentucky zinapokaribiana. Tarehe 16 Desemba 1811, mnamo saa nane na robo usiku, ardhi ilitikisika. Asubuhi hiyohiyo ikatikisika tena kwa nguvu, kisha 23 Januari na 7 Februari 1812. Makadirio ya leo ya matetemeko makubwa yanazunguka kipimo cha 7 hadi 7.5, ingawa wapo waliowahi kuyapa hadi 8. Ziwa Reelfoot la Tennessee lilizaliwa wakati huo, na mtikisiko ulihisiwa mamia ya kilomita kutoka pale. Miamba ya ndani ya bara ni ya kale, baridi na haina nyufa nyingi, kwa hiyo mawimbi husafiri mbali kabla ya kufifia. Tetemeko la Virginia la 23 Agosti 2011 lilikuwa la 5.8 tu, lakini lilihisiwa kuanzia Georgia hadi Kanada.

Kwa nini pale? Chini ya matope ya Mississippi kuna bonde la ufa lililokufa. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita bara lilianza kupasuka, likashindwa kumaliza kazi. Sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa hili haraka, kwa kuwa Bonde la Ufa letu bado linafunguka. Hilo la Mississippi, liitwalo Bonde la Ufa la Reelfoot, ni kovu lililofunikwa, na mbano wa bara ukizidi, ardhi huachia pale palipowahi kupasuka.

Sasa mchanga. Muuza mahindi akilitikisa debe, punje hushuka na kushikana. Mchanga uliolegea hufanya vivyo hivyo, ila ukiwa umejaa maji na juu yake pana tabaka la mfinyanzi, maji hayana pa kutokea. Shinikizo linapanda, punje zinaachana, na mchanga unakuwa kama uji. Mfinyanzi ukipasuka, uji huo unapanda kwenye ufa na kumwagika juu ya shamba. Rundo linalobaki nitaliita tapishi la mchanga, na ufa uliojaa mchanga chini yake nitauita mshipa. Matapishi ya New Madrid kwa kawaida yana unene wa mita 1 hadi 1.5 na upana wa mita 10 hadi 30, na kutoka angani yanaonekana kama madoa meupe kwenye mashamba meusi.

Picha za angani za wakati shamba halijaota ndizo za kuanza nazo. Pitia pia kingo za mito na mifereji, maana huko maji yameshakuchimbia. Ukichagua tapishi, chimba mtaro ukikata urefu wake, si kuufuata, kwa sababu mshipa mara nyingi hulala kwa urefu. Kina cha mita 1.5 hadi 2 kinatosha mara nyingi. Chini zaidi utakutana na maji. Mchanga wenye unyevu husimama vizuri asubuhi na kuporomoka mchana ukikauka, kwa hiyo mtaro unaopita mita 1.5 uwekewe nguzo na mbao, au ukatwe kwa ngazi. Kwangu hilo halina mjadala.

Parua ukuta kwa mwiko hadi mistari ionekane. Piga misumari kila mita 1, funga uzi ulionyooshwa kwa pima maji, kisha chora kila tabaka kwa karatasi yenye miraba. Cha kutafuta kwanza ni mshipa. Mafuriko pia huacha mchanga, na yasipotenganishwa na tetemeko kazi yote inaharibika. Tapishi la kweli limeungana na mshipa unaotoka chini, limebeba vipande vya mfinyanzi vilivyong'olewa njiani, na punje zake ni kubwa karibu na mshipa na ndogo kadiri unavyokwenda pembeni. Kando ya matuta ya kuzuia mafuriko uangalifu uongezeke: mto ukijaa, maji hupenya chini ya tuta na kusukuma mchanga juu bila tetemeko lolote.

Halafu soma tabaka ndani ya tapishi. Mchanga wa punje kubwa chini, wa punje ndogo juu, kisha utando wa tope: hilo ni tetemeko moja. Mpangilio huo ukijirudia bila udongo mweusi katikati, matetemeko yalifuatana kwa siku au miezi, kama ya 1811 na 1812. Ukikuta udongo wenye mizizi na mboji kati ya tapishi na tapishi, hapo ilipita miaka mingi sana. Watafiti walipokuta mpangilio huu wa mara mbili au tatu hata kwenye matapishi ya kale, walielewa kwamba New Madrid ina tabia ya kupiga kwa mfululizo. Anayepanga uokoaji lazima alijue hilo: jengo lililosalimika mara ya kwanza huenda likapigwa tena likiwa limeshapata nyufa.

Umri unatoka kwenye kilichofukiwa na kilichofuata, kwa kupima kaboni iliyobaki kwenye mkaa, mbegu na vitu vingine vilivyowahi kuwa hai. Mkaa ulio kwenye udongo chini ya tapishi unasema tetemeko halikutokea kabla ya hapo. Shimo lililochimbwa na wenyeji wa kale ndani ya tapishi, likiwa na vigae vya vyungu na punje za mahindi zilizoungua, linasema tetemeko lilikuwa limeshapita. Chagua mbegu, ganda la kokwa au kijiti. Mkaa wa gogo la mti wa miaka 300 unaweza kukudanganya karne tatu. Usishike kwa mkono mtupu. Funga kwenye foili na uandike nafasi yake kwenye ukuta. Mizizi na wanyama wachimbaji hushusha mkaa mpya chini, kwa hiyo sampuli moja haitoshi. Na kipimo cha kaboni ni kibovu kwa vitu vya baada ya mwaka 1650 hivi, kiasi kwamba tapishi la 1811 lenyewe ni gumu kulitambua kwa kaboni peke yake.

Kwa njia hii yamepatikana matetemeko mengine makubwa mnamo mwaka 900 na mwaka 1450, na dalili za mengine ya mnamo 2350 K.K. Ukubwa wake hukadiriwa kwa kuangalia matapishi yamefika mbali kiasi gani na mchanga wa pale umeshikana vipi.

Hapa ndipo GPS inapoleta ubishi. Ardhi ya New Madrid inasogea chini ya milimita 0.2 kwa mwaka, yaani hata sentimita 2 hazifiki kwa miaka mia. Mpasuko wa San Andreas, huko California kwenye ukingo wa mabamba, unapita milimita 30 kwa mwaka. Wapo wanaosema mpasuko umechoka na vitetemeko vya leo ni mabaki ya 1811. Wengine wanaona nguvu imehifadhiwa chini. Mimi naegemea mchanga: matetemeko matatu makubwa ndani ya miaka 1,000 hivi hayafutwi na GPS ya miongo michache. Lakini hoja ya kwamba matetemeko ya ndani ya bara huhama naichukulia kwa uzito. Huko Tennant Creek, Australia, tarehe 22 Januari 1988 yalipiga matatu makubwa ndani ya saa 12 na kupasua ardhi zaidi ya kilomita 30, mahali ambapo hakuna aliyepategemea.

Idara ya jiolojia ya Marekani imekadiria uwezekano wa asilimia 7 hadi 10 kwamba yale ya 1811 na 1812 yatajirudia ndani ya miaka 50, na asilimia 25 hadi 40 kwa tetemeko la 6 au zaidi. Ramani zinazotumika kwenye kanuni za ujenzi hutazama mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 2 kwa miaka 50, sawa na mara moja kwa miaka 2,475 hivi. Kwenye kipindi kirefu hivyo, tetemeko la kila miaka 500 linaingia lote, ndiyo maana Memphis, mji wa Tennessee ulio karibu na New Madrid, huonekana karibu sawa na miji ya California na wajenzi hulalamikia gharama.

Wakati huohuo mashamba ya mpunga yanasawazishwa kwa mashine, na matapishi yanachongwa hadi kwenye mshipa. Mshipa pekee bado una kazi: unakuonyesha kwamba mchanga ulipanda. Ila udongo uliokuwa juu ya tapishi, wenye mkaa na vigae, ukishasombwa, tarehe ambayo tetemeko lilikuwa limeshapita haipatikani tena. Shamba ambalo halijasawazishwa ndilo la kuchimbwa kwanza.